Mshiko wa Kirusi wa upinde wa fidla: gumba linaniuma

Fidla Mikindani
Habari zenu ndugu. Mwaka wa tisa huu napiga fidla ya taarab kwenye maharusi hapa Mikindani. Alinifunza mjomba, kwa kusikiliza tu. Mwezi uliopita nikaanza kufuata video za "mshiko wa Kirusi": kidole cha shahada kinaupita mti wa upinde na kuukumbatia, kiganja kinaelemea mbele. Sauti imenenepa, hata mpiga udi wetu kageuka kunitazama. Lakini shina la gumba linawaka moto, na Jumamosi nilishindwa kumaliza wimbo wa tatu. Ndivyo Warusi wanavyofundishana, mtu avumilie mpaka azoee?

Binti Rahaleo
Pole kaka. Pumzisha mkono kwanza, hata siku tatu.

Babu wa Shangani
Mwanangu, usivumilie. Miaka ya themanini nilisomea ufundi wa meli Odessa, mji wa bandari wa Ukraine, enzi hizo ndani ya Muungano wa Kisovieti. Mji ule ndio wa Stolyarsky, mwalimu wa kwanza wa David Oistrakh, mpiga fidla mashuhuri wa Kisovieti, na shule ya watoto wenye vipaji iliyofunguliwa 1933 ina jina lake. Chini ya chumba nilichopanga aliishi bibi mmoja mwalimu wa fidla. Mtoto wa miaka saba hakupewa wimbo, alipewa uzi mtupu, yaani uzi usiobonyezwa kwa kidole. Avute upinde toka mwanzo hadi nchani, bibi akihesabu hadi kumi na mbili, sauti isitetemeke. Kisha skeli, yaani sauti za kupanda na kushuka ngazi kwa ngazi, kila siku. Kidole hakukitaja sana. Alikuwa akishika bega la mtoto, likipanda tu anamsimamisha.

Mshiko huo wa Kirusi aliueleza Carl Flesch, mwalimu wa fidla, kwa alichokiona kwa wanafunzi wa mwalimu Leopold Auer kama Heifetz na Elman, wapiga fidla mashuhuri. Auer mwenyewe, aliyefundisha St. Petersburg, Urusi, tangu 1868 hadi 1917, aliandika katika kitabu chake cha 1921 kwamba hakuna kanuni moja ya kushika upinde, maana mikono haifanani. Oistrakh naye hakushika kama Heifetz.

Unene wa sauti unatoka kwenye uzito wa mkono mzima ukishukia kidole cha shahada. Gumba ni la kuegemeza tu, wewe unalibana. Likunje kidogo, rudisha shahada pingili moja, na usiku piga uzi mtupu dakika kumi. Wimbo usiuguse.

Fidla Mikindani
Shikamoo babu. Nimefanya siku nne, moto umepungua, na unene haukuondoka wote. Nafika nane tu, upinde unaisha. Yule bibi alihesabu kumi na mbili kwa kushuka peke yake, yaani kuvuta hadi nchani, au na kupanda, yaani kurudi?

Babu wa Shangani
Marahaba. Yote mawili. Kupanda ndiko kulikowaliza watoto, kwa sababu nchani upinde ni mwepesi na mtu anataka kuukandamiza. Anza na nane hiyo hiyo, lakini iwe safi.