Mlima unapimwa, mpagazi hapimwi: tuijadili Khumbu

Mtoa mada: Wakuu, kuna jamaa kaniambia ramani za maporomoko ya barafu zikishachorwa kazi imekwisha: palipopakwa rangi nyekundu usipite, kwingine pita. Mimi nabisha.

Tuangalie Khumbu, mto wa barafu wenye nyufa ambao wapandaji huupita upande wa Nepal wa Everest. Asubuhi ya Aprili 18, 2014, pande la barafu lililoning'inia kwenye bega la magharibi la mlima lilikatika likaangukia njia. Walikufa watu 16, wote Wanepali waliokuwa kazini. Mteja hakufa hata mmoja. Bahati? Mteja hupita pale mara chache msimu mzima. Mbeba mizigo hupanda na kushuka, hupanda na kushuka, na mahema, kamba na mitungi ya oksijeni mgongoni. Barafu ni ileile, ila yeye anaipitia chini mara nyingi zaidi.

Wapimaji wanajua mengi, sikatai. Kwa matukio ya milima ya Alps, chora mstari wa nyuzi 17 kushuka kutoka barafu inakokatikia. Mara nyingi poromoko halivuki pale mstari unapogusa ardhi. Likishuka kilomita 1, linaweza kwenda mbele kilomita 3 na ushee. Hapo umejua wapi. Lini, ndiyo ngoma. Blatten, Uswisi, Mei 2025, dalili zilionekana mapema, wakahamishwa watu kama 300 na mifugo yao siku 9 kabla kijiji hakijafukiwa na barafu na mawe. Lakini kijiji unakihamisha mara moja. Khumbu watu wanapita msimu wote.

Kwa hiyo nasema: ramani iende na idadi ya safari. Mpagazi akifikisha kiwango, abaki chini na alipwe msimu mzima. Hela ipo, kibali cha Everest msimu mkuu sasa ni dola 15,000 kwa mgeni mmoja.

Mchangiaji: Mkuu, umewahi kubeba mzigo mlimani? Mimi ni mgumu wa Kilimanjaro, ndivyo tunavyoitwa wapagazi. Ukiniwekea kiwango, tajiri hanilipi msimu. Ataleta kijana mgeni amalizie safari zangu, asiyejua hata pa kukanyaga. Hatari hujaipunguza, umeigawa tu. Na sisi tunayo ramani yetu: saa. Western Breach, njia mojawapo ya kupandia Kilimanjaro, ambako mawe yaliua Wamarekani 3 Januari 2006 njia ikafungwa hadi 2007, unapita mapema, kabla jua halijalegeza barafu inayoshika mawe.

Mtoa mada: Hapo kwenye kugawa hatari umenishika, kiwango peke yake hakitoshi. Ila saa yako ni ya mawe. Lile la Khumbu lilianguka kama saa 12 na nusu asubuhi. Barafu inayoning'inia inasukumwa na barafu iliyo nyuma yake na kuelemewa na uzito wake, haingoji jua. Walichofanya cha maana ni kuihamisha njia mwaka 2015, ikasogea katikati mbali na lile bega. Na mwaka 2025 droni zilivusha ngazi na kamba. Kila mzigo unaoruka ni safari moja imepungua.

Mchangiaji: Sawa, ngazi imeruka. Na posho ya aliyekuwa aibebe, nayo imeruka na droni?