Mbegu ya kiume hujuaje yai lilipo?

Mwalimu wa Kirumba
Ndugu wanajukwaa, ninafundisha Biolojia katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Wiki iliyopita, tukiwa kwenye mada ya uzazi wa mamalia, mwanafunzi kutoka Ukerewe aliniuliza mbegu ya kiume, isiyo na macho wala ubongo, hujuaje yai lilipo. Nilimjibu kwamba yai hutoa kemikali, nayo mbegu huifuata tangu mwanzo wa safari kama mbwa afuatavyo harufu. Hakuridhika. Alisema jike wa furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, huyabeba mayai mdomoni na dume humwaga mbegu papo hapo, kwa hiyo kwa furu hakuna umbali wa kueleza; lakini kemikali ya yai la binadamu itaeneaje hadi kwenye shingo ya kizazi? Swali hilo limeninyima usingizi, kwani nahofia nimewafundisha kosa. Naomba msaada wenu.

Msomi wa Fiziolojia
Mwalimu, pole na kazi. Mwanafunzi wako amehoji mahali penyewe. Kemikali ipo kweli, ila hufanya kazi karibu na yai tu. Kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija, mbegu husaidiwa sana na mikazo ya misuli ya mji wa mimba. Ndani ya mrija kuna majimaji yanayotiririka kuelekea kwenye mji wa mimba, na mbegu huogelea kuyakabili, kama samaki aitwaye ningu anavyoupanda mto wakati wa masika. Tabia hiyo ilioneshwa mwaka 2013 kwa mbegu za panya na za binadamu. Joto nalo lina nafasi yake: mwaka 2003, watafiti waliotumia sungura walieleza kwamba mahali pa utungisho pana joto zaidi, kwa takriban nyuzi 2, kuliko sehemu ya mrija ambamo mbegu husubiri, na kwamba mbegu zilizo tayari huelekea penye joto.

Baada ya hayo ndipo kemikali inapoingia. Kwa binadamu, inayofahamika zaidi ni homoni iitwayo projesteroni. Yai linapotoka kwenye ovari huwa limezungukwa na seli nyingi ndogo, nazo ndizo zinazoitoa homoni hiyo, ambayo huwa nyingi karibu na yai na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Kwenye mkia wa mbegu kuna vijia vya kalsiamu viitwavyo CatSper, vilivyogunduliwa mwaka 2001. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionesha kwamba projesteroni huvifungua, na mwaka 2016 ikafahamika jinsi gani: homoni hiyo hukiamsha kimeng'enya kiitwacho ABHD2, ambacho huondoa mafuta fulani yanayovizuia vijia hivyo visifunguke. Kalsiamu ikiingia, mkia hubadili mapigo yake. Mbegu hulinganisha kiwango cha homoni cha sasa na cha punde tu kilichopita. Kikipanda huendelea mbele, kikishuka hugeuka.

Mtaalamu wa Maabara, Sengerema
Naomba niongeze jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mbegu iliyotoka tu kwa mwanamume haiwezi kulitungisha yai, wala haivutwi na kemikali hiyo. Ni lazima kwanza ikae ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke hadi iive, jambo lililoelezwa mwaka 1951 na wanasayansi Chang na Austin, kila mmoja kwa utafiti wake. Kwa binadamu, takriban mbegu moja tu kati ya kumi huwa imeiva kwa wakati mmoja, na hali hiyo hudumu kati ya dakika 50 na saa 4, kisha nyingine hushika zamu.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kwa darubini sisi huhesabu mbegu, tukatazama umbo na mwendo wake, lakini hatuoni kama zinaiitikia projesteroni. Wapo wanaume wenye hitilafu katika jeni za CatSper ambao hawawezi kutungisha mimba kwa njia ya kawaida, na wengine wao huwa na hesabu nzuri kabisa. Huku kwetu, majibu ya mume yakisomeka vizuri, mke ndiye hubebeshwa lawama.

Mwalimu wa Kirumba
Nawashukuru sana. Jumatatu nitaufuta ule mfano wa mbwa na nitaanza na ningu. Je, naweza kuwaambia wanafunzi kwamba projesteroni hufanya hivyo kwa mamalia wote?

Msomi wa Fiziolojia
Hapana, Mwalimu. Panya dume asiye na CatSper huwa tasa, kwa hiyo vijia hivyo anavihitaji kama binadamu. Hata hivyo, kwa panya projesteroni haivifungui kama inavyofanya kwetu. Waambie kwamba kijia ni kilekile, bali kinachokifungua hutofautiana kati ya mnyama na mnyama.