Kamba wa bwawa la udongo gramu 11, wa plastiki gramu 7. Nimekosea wapi?

Mchimbabwawa
Wakuu, habari zenu. Nina mabwawa mawili ya kamba weupe, kila moja mita za mraba 600, kina mita 1.2. Moja la udongo, jingine nimelitandika plastiki sakafuni na kwenye kingo. Vifaranga niliwapanda siku moja, 30 kwa kila mita ya mraba, na chakula nawapimia sawasawa. Leo siku ya 60 nimerusha kimia: wa udongo wastani gramu 11, wa plastiki 7, na baadhi ukiwabonyeza magamba laini. Hiyo plastiki ndiyo iliyonimaliza mfuko! Oksijeni napima saa nne asubuhi, inasoma miligramu 6 kwa lita kote kuwili.

MzeeWaKingo
Ndugu yangu, oksijeni ya saa nne ni ya kujifariji tu. Saa hizo mwani (vijimea vya kijani vya majini) umeshaota jua, unatoa hewa. Kamba anaishi chini, na shida yake iko saa kumi na moja alfajiri. Shusha kipimo mpaka sakafuni saa hizo. Pima na pH (uasidi wa maji), alfajiri na saa tisa alasiri, pamoja na ualkali, yaani uwezo wa maji kuishikilia pH isirukeruke. Kisha chukua sahani nyeupe, ifunge kamba (ya katani, si hawa wetu), uone inapotelea kina gani.

Mchimbabwawa
Nimeamka, mzee. Udongo: oksijeni 4.3, pH 7.8 ikapanda 8.2, ualkali miligramu 135 kwa lita, sahani imepotea sentimita 35. Plastiki: oksijeni 2.6, pH 7.9 ikapanda 9.0, ualkali 58, sahani sentimita 18 tu, maji kijani kama rangi ya ukuta. Na nikiri: mashine ya kupiga maji yapate hewa huwa naizima saa nne usiku.

MzeeWaKingo
Basi plastiki unaisingizia. Udongo hunyonya fosforasi ya mabaki ya chakula. Plastiki hainyonyi kitu, yote yanabaki majini na mwani unanenepa. Mchana unavuta kaboni dayoksaidi, pH inaruka kwa sababu ualkali wako hautoshi kuishikilia. Usiku mwani huohuo unagombania hewa na kamba. Na pH ikifika 9, amonia ya kinyesi na mabaki ambayo jana ilivumilika inageuka sumu. Kamba wa hivyo hali vizuri, na akijivua gamba, jipya linachelewa kuwa gumu.

Halafu wa udongo wanajiokotea vijidudu vya chini. Wa plastiki wanategemea mkono wako, lakini hiyo si sababu ya kuwajazia. Weka sinia la kulishia. Likibaki na chakula baada ya saa mbili, punguza. Mashine iache ikeshe. Badilisha maji kidogokidogo. Ualkali upandishe kwa bikaboneti ya sodiamu: gramu 17 hivi kwa mita moja ya ujazo hupandisha miligramu 10 kwa lita. Maji yako ni mita za ujazo 720, kwa hiyo kufika 120 utahitaji kama kilo 75. Gawanya kwa siku nne au tano. Chokaa ya kilimo kwenye pH hiyo haiyeyuki, itakaa chini tu. Ile chokaa inayochemka ukiitia maji usiiguse kabisa, itairusha pH juu zaidi.

Mama Sinia
Kaka, usilale upande wa udongo. Mimi nililisha kwa furaha mpaka siku ya 80, kamba wakaanza kupanda kingo usiku, matamvua meusi. Mashine husukuma uchafu katikati ya bwawa. Ingia pale, zamisha mkono, ushike tope ulinuse. Likinuka mayai viza, acha kulisha sehemu hiyo na uanze kulitoa taratibu bila kulivuruga. Gesi ya harufu hiyo ikitibuka inaua. Mwenye bwawa la plastiki hufungua bomba la katikati, uchafu unaondoka.

Mchimbabwawa
Dada, nimetoka kuzamisha mkono sasa hivi. Tope jeusi limefika kwenye kifundo cha mkono. Harufu bado, ila chakula cha jioni katikati sikutupa.