Ninameza antibayotiki kwa ajili ya chunusi na bado haziishi: niongeze dozi au nibadilishe dawa?

Kijana wa Nzuguni

Wakuu, habari za jioni. Ninaomba ushauri kwa heshima zote, na ninatanguliza shukrani kwa watakaonijibu bila kejeli.

Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Nzuguni hapa Dodoma. Chunusi zilinianza nikiwa kidato cha tatu, nikaambiwa ni balehe na zitapita zenyewe. Balehe imepita, zenyewe zimebaki. Za mashavuni huiva na kutoa usaha, za kwenye taya ni vinundu vigumu vinavyouma hata nikilaza uso kwenye mto, na kila moja ikikauka huacha doa jeusi linalokaa miezi. Sabuni nimetumia za kila rangi. Wiki kadhaa zilizopita nilianza kumeza antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini, kwa kuwa nilisoma kwamba hata madaktari wa ngozi huwaandikia watu wenye tatizo kama langu. Mwanzoni nilidhani uso unatulia, lakini sasa ninaona hali iko palepale, na tumbo nalo linanisokota.

Mwezi ujao ninakwenda Kondoa pamoja na wazee kujitambulisha ukweni. Swali langu ni moja tu: niongeze dozi, au nihamie kwenye dawa yenye nguvu zaidi?

Mama Tunu

Pole sana, mwanangu. Binti yangu alipitia hayo hayo, na uso wake ulikuwa umevimba kiasi kwamba alikataa kupigwa picha za mahafali. Tulimwachisha chipsi za usiku, tukamfukiza kwa majani ya mwarobaini kila jioni, na baada ya muda akapona kabisa. Sitaficha kwamba siku ya kwanza maji yalikuwa ya moto mno akachubuka kidevu, na kwamba katika kipindi hicho hicho dada mmoja wa zahanati alimpa krimu ya kupaka, kwa hiyo sijui nimshukuru nani kati ya mwarobaini na zahanati. Lakini jaribu mwarobaini.

Mzee wa Mvumi

Kijana, hizo ni chunusi za ujana, na dawa yake umeitaja mwenyewe bila kujua. Ukishaoa, zitaisha. Kizazi chenu kinapenda kumeza vidonge kwa kila kipele, na kinasahau kwamba mkwe hatazami shavu lako, anatazama jinsi unavyosalimia.

Dirisha la Dawa

Shikamoo, mzee. Kwa ruhusa yako nitapingana nawe kidogo, kwa sababu ninahudumu katika famasi na kila wiki ninawaona wanaume wenye watoto wanne wakiwa na chunusi za mgongoni. Ndoa haiingii kwenye tezi za mafuta.

Ndugu mleta uzi, ni kweli kwamba tetrasaiklini hutumika kutibu chunusi za wastani na zile kali. Hupunguza bakteria wanaoishi ndani ya vinyweleo, na zaidi ya hapo hutuliza uvimbe wenyewe. Haizibui vinyweleo, na ndiyo maana haipaswi kutumika peke yake: huambatanishwa na dawa ya kupaka kama benzoili peroksaidi au adapalini. Inayoandikwa zaidi siku hizi ni doksisaiklini, mara nyingi miligramu 100 kwa siku, na hupimwa matokeo yake baada ya wiki 12 hivi. Mtu anayetarajia uso mpya ndani ya mwezi mmoja atakata tamaa bure, na kuongeza dozi hakuharakishi chochote isipokuwa kichefuchefu.

Kabla sijaendelea, nijibu haya: dawa yako inaitwaje hasa, ni miligramu ngapi, unameza mara ngapi, unameza na nini, na nani aliyekuandikia?

Mpima Ardhi

Ninaunga mkono habari ya doksisaiklini, kwa kuwa nilitibiwa nayo na uso wangu leo ni ushahidi, ila nina mawili ya kutahadharisha. La kwanza, niliwahi kuimeza usiku kwa funda moja la maji, nikalala papo hapo. Niliamka ninahisi kama nimemeza kaa la moto, na kwa siku nyingi kila tonge la ugali lilikuwa likikwama katikati ya kifua, mpaka daktari akanieleza kwamba kapsuli iling'ang'ania kwenye koo la chakula ikaliunguza. Dawa hii humezwa kwa bilauri nzima ya maji, na mtu hukaa wima angalau nusu saa.

La pili ni jua. Wakati huo tulikuwa tunapima viwanja upande wa Bahi, na kila anayeijua Dodoma anajua kwamba huko mti wa kivuli hutafutwa kwa darubini. Mikono na pua vilibabuka kama mtu aliyepakwa maji ya betri, wakati wenzangu niliokuwa nao hawakupata lolote. Weusi wa ngozi haukunisaidia. Ikabidi nivae kofia pana na mikono mirefu hadi nilipomaliza dawa.

Kijana wa Nzuguni

Ninashukuru wote. Kumjibu Dirisha la Dawa: kopo limeandikwa oksitetrasaiklini, asilimia 20. Ninatumia kijiko kimoja cha chai kila asubuhi pamoja na maziwa ya mgando, ili tumbo lisiniume. Cheti sina, kwa sababu duka nililonunua hawaulizi cheti. Tafadhali tusitoke nje ya swali la dozi.

Dirisha la Dawa

Mwanangu, sasa ndiyo umeniingiza ndani ya swali. Tetrasaiklini ya binadamu ya kutibu chunusi huja kwa vidonge au kapsuli, na nguvu yake huandikwa kwa miligramu. Haichotwi kwa kijiko kutoka kwenye kopo. Hilo kopo lina picha gani?

Kijana wa Nzuguni

Lina jogoo, na nyuma yake ng'ombe.

Ninaomba msikilize kwanza kabla ya kuhukumu. Ninafuga kuku wa mayai nyumbani, na unga huu tulinunua duka la dawa za mifugo walipopata mafua. Niliposoma lebo nikakuta kiambata ni kile kile kilichotajwa katika maelezo ya tiba ya chunusi. Oksitetrasaiklini imetumika kwa binadamu tangu mwaka 1950, na kuna nchi ambako bado huandikwa kwa chunusi, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Molekuli haijui kama imeingia kwa kuku au kwa mtu. Famasi mbili nilizopita walinitaka niende kwanza kwa daktari, na sikuwa tayari kukaa kwenye benchi la wagonjwa nikiwa na uso huu ili niambiwe ninawe kwa sabuni. Kwa hiyo siombi ruhusa ya kutumia, ninauliza kiasi.

Zabibu Chungu

Ukianza kuwika alfajiri, tujulishe ili tuache kutegemea simu.

Mama Tunu

Yesu wangu! Mwanangu, rudi kwenye mwarobaini.

Daktari wa Ng'ombe

Mimi ni afisa mifugo katika wilaya mojawapo ya mkoa huu, na dawa hiyo ninaiagiza karibu kila siku. Mleta uzi amesema kweli kuhusu kiambata, na hapo ndipo ukweli wake unapoishia. Asilimia 20 maana yake ni miligramu 200 ndani ya kila gramu moja ya unga. Zilizobaki katika gramu hiyo ni vitu vingine: sukari za kujazia, mara nyingine vitamini, na vitu vya kuufanya unga uyeyuke kwenye maji ya kunywea kuku. Vyote hivyo vimepimwa usalama wake kwa mifugo, havikupimwa kwa ajili ya mtu. Kiasi chake huhesabiwa kwa lita za maji na uzito wa kundi zima. Kuku mmoja akinywa zaidi na mwingine kidogo, hesabu ya banda bado inakubalika. Wewe ni kundi la mtu mmoja.

Dirisha la Dawa

Ninaendelea pale alipoachia mtaalamu mwenzangu. Kijiko cha chai cha unga kinaweza kubeba gramu 3 kikiwa sawasawa, au gramu 5 kikiwa na kilima. Maana yake kuna asubuhi unameza miligramu 600 kwa mkupuo mmoja, na asubuhi nyingine 1000. Tumbo lako lina sababu ya kusokota.

Kichekesho chenye uchungu ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo haikufikii. Madini ya kalsiamu yaliyo katika maziwa huikamata oksitetrasaiklini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu, vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi. Ndiyo maana ile ya binadamu humezwa kwa maji, saa moja kabla ya chakula au saa mbili baadaye. Kwa hiyo unapata madhara ya tumbo, bakteria wa utumbo wanazoea dawa, na usoni kinafika kiasi kisichotosha kutibu lakini kinachotosha kuwafundisha vimelea usugu. Na usugu huo hauishii kwenye shavu lako, kwa maana bakteria wa ngozi huhama kwa watu mnaoishi nao nyumba moja.

Kopo lilifunguliwa lini, na linahifadhiwa wapi?

Kijana wa Nzuguni

Lilifunguliwa wakati wa mvua, na linakaa stoo pamoja na pumba. Unga umeanza kushikana mabonge na rangi imekolea kidogo, lakini tarehe ya mwisho haijafika.

Dirisha la Dawa

Tarehe hiyo ni ya kopo lililofungwa na kuhifadhiwa vizuri. Tetrasaiklini iliyoharibika kwa joto na unyevu imewahi kudhuru figo za watu. Jambo hilo liliripotiwa tangu miaka ya 1960. Usimeze tena, hata kijiko cha kesho asubuhi.

Sikubali Haraka

Nimesoma uzi huu tangu juu, na ninaomba nitoe shaka yangu kwa uwazi. Mtu anayejua mwaka ambao oksitetrasaiklini ilianza kutumika, anayejua dozi ya nchi nyingine, na anayeandika kwa mpangilio huu, eti alikula unga wa kuku na maziwa ya mgando? Halafu afisa mifugo anatokea dakika chache tu baadaye, na ana mtindo uleule wa kuweka nukta mbili. Nimeshaona nyuzi za namna hii: kwanza mgonjwa, kisha wataalamu, na mwisho huja mtu mwenye namba ya simu akiuza sabuni ya mkaa na mafuta ya alizeti kutoka Singida. Mimi ninasubiri hiyo namba.

Zabibu Chungu

Hata mimi nilijiuliza kuhusu jogoo. Jogoo mbele ya ng'ombe amekaa kisanii mno.

Daktari wa Ng'ombe

Nukta mbili nilifundishwa shuleni na sitaomba radhi. Wanaotilia shaka waingie duka lolote la dawa za mifugo wasome makopo. Picha za wanyama ziko pale kwa ajili ya wafugaji wasiosoma. Habari ya watu kutumia dawa za mifugo mimi si mgeni nayo. Nimemkuta mzee amejipaka kwenye kidonda dawa ya kupulizia ng'ombe, na mama aliyekuwa akiwapa wanawe dawa ya minyoo ya mbuzi.

Kijana wa Nzuguni

Sina sabuni ya kuuza. Lebo imeandikwa: kwa matumizi ya mifugo pekee, koroga kwenye maji safi ya kunywa, badilisha maji kila siku, na chini kabisa kuna siku za kusubiri kabla ya kula nyama na mayai. Kama ningekuwa ninatunga, ningejitungia uso mzuri. Kuhusu kujua mambo, nimehitimu shahada na sijaajiriwa, kwa hiyo ninao muda wa kusoma. Na bado ninashikilia kwamba wazo langu halikuwa la kipumbavu, kwa maana mmekiri wenyewe kwamba dawa ni ileile.

Mpima Ardhi

Nyote mnaobishana kuhusu jogoo, mwacheni. Ndugu yangu, hivyo vinundu vya kwenye taya ndivyo vya kuharakisha, kwa sababu vinapona kwa kuacha mashimo. Mimi nilianzia kituo cha afya, nikapewa rufaa ya kliniki ya ngozi, na daktari aliyenitibu alikuwa amesomea kile chuo cha magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi. Hakunicheka, na wala hakuniambia ninawe kwa sabuni. Alinipa doksisaiklini pamoja na ya kupaka, akaandika tarehe ya kuiacha, na baadaye nikabaki na ya kupaka peke yake.

Dirisha la Dawa

Ukifika, mweleze daktari habari ya unga bila kuificha, maana anaweza kutaka kupima figo kwanza. Akikuandikia dawa kali zaidi ya chunusi, isotretinoini, asiiandike wakati bado unatumia tetrasaiklini yoyote, kwa kuwa zikikutana zinaweza kupandisha shinikizo ndani ya fuvu. Ukianza kuumwa kichwa kisicho cha kawaida au kuona ukungu, usisubiri kliniki. Na kwa akina dada wanaosoma kimyakimya: tetrasaiklini haziwafai wajawazito, na watoto wadogo huwaharibia rangi ya meno.

Mpaka Kondoa, paka benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, usikamue, na usikubali krimu yoyote isiyoandikwa vilivyomo. Nyingi zina steroidi, ambayo hung'arisha uso kwa muda kisha hurudisha chunusi maradufu.

Mzee wa Mvumi

Na usalimie kwa kuinama.

Kijana wa Nzuguni

Nimesikia. Jumatatu nitakwenda kituo cha afya, ingawa sijaahidi kukaa benchi la mbele. Ila kopo sitalitupa, kwa kuwa kuku wawili wameanza kuzubaa tangu jana na wananing'iniza mabawa, na dawa hii angalau ni yao.

Daktari wa Ng'ombe

Unga ulioshikana mabonge haumfai hata kuku, na mayai ya kuku aliyepewa dawa hayauzwi mpaka zipite siku za kwenye lebo. Tena usiwape chochote kabla hujanijibu, maana ikiwa ni kideri, hicho ni kirusi na antibayotiki haitakigusa. Waliwahi kuchanjwa? Na kinyesi chao ni cha kijani?