CPU inagonga tak-tak-tak kisha inaganda, na asubuhi inakoroma. Naombeni ushauri kabla sijanunua pawa saplai

Stesheni_Kihonda

Wakuu, habari za jioni. Nina stesheni ndogo hapa Kihonda, Morogoro. Nachapa, natoa kopi, nawapangia wanachuo ripoti zao. Mashine ninayoitegemea ni desktop ya mtumba, Windows 10, diski ya GB 500, huu ni mwaka wa nne ninayo.

Nikiiwasha asubuhi inakoroma, grrrrr, kama mashine ya kusaga inayoanza kushika kasi, na baada ya dakika kumi hivi inatulia. Hiyo nilishaizoea. Iliyonitisha imeanza juzi: tak... tak... tak, kama mtu anagonga kucha mezani, mara tano au sita. Mshale unaganda, Word haijibu, ile taa ndogo ya mbele inabaki inawaka bila kupepesa. Nusu dakika hivi, kisha kazi inaendelea.

Fundi wa mtaani alisikiliza akiwa mlangoni, akasema pawa saplai, kile kisanduku cha umeme cha ndani, imechoka, nitoe elfu arobaini na tano abadilishe. Sijampa. Humo ndani mna ripoti za wanafunzi kumi na wawili wanaokabidhi mwisho wa mwezi, na picha za marehemu mama ambazo hazipo kwingine kokote. Nianzie wapi?

Kijana_wa_Sabasaba

Pole dada. Hilo vumbi tu. Peleka kwa mafundi wa matairi wakupulizie kwa kompresa, itatulia.

NyundoNdogo

Mkuu hapo juu, vumbi kwa kawaida halifanyi mashine igande nusu dakika. Na upepo wa kompresa mara nyingi huja na maji. Ukipuliza, mashine iwe imechomolewa na mapanga ya feni uyashike kwa kidole, la sivyo yanazunguka kasi kuliko yalivyoundwa na beringi zinakufa.

Dada Stesheni, kama mashine inawaka sasa hivi, izime. Nitakueleza sababu, ila zima kwanza.

Stesheni_Kihonda

Nimezima. Naandika kwa simu.

NyundoNdogo

Ahsante. Kwa unavyoeleza, una kelele mbili na kila moja ina chanzo chake. Ya kukoroma asubuhi ni feni: mafuta ya kwenye beringi yamekauka, ikipata joto inalainika. Hiyo itakugharimu hela kidogo. Ya kugonga inayokuja na kuganda nadhani ni diski, na hiyo ndiyo inayoweza kukuondolea kazi za watu na picha za mama.

Diski za aina hiyo zina sahani ndani, nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kugusa, kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kichwa kikishindwa kusoma alama zinazokionyesha kilipo, kinarudi mwanzo wa njia yake na kujaribu tena. Kule kurudi ndiko unakosikia tak. Kila ukiiwasha ni kama kumwamsha mgonjwa abebe gunia. Ana safari chache zilizobaki, na inabidi uamue atabeba nini.

Kuhakikisha ni rahisi. Mashine ikiwa imechomolewa ukutani, fungua ubavu, toa nyaya mbili za diski, ule mwembamba wa data na ule mpana wa umeme. Kesho asubuhi, kungali na baridi, washa hivyohivyo. Itakuandikia kwamba haioni diski, usijali. Kunja karatasi ya A4 iwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine usogeze mbele ya kila feni bila kuigusa. Kukoroma kukibaki na tak ikipotea, umepata jibu la zote mbili kwa mara moja.

Pawa saplai usiifungue. Kapasita za ndani zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya.

Mtu_wa_Windows

Mbona mnamzungusha dada wa watu? Washa, fungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia amri, kama msimamizi, andika chkdsk C: /r, iache usiku kucha. Itarekebisha sekta mbovu, yaani vipande vya diski visivyosomeka.

NyundoNdogo

Mkuu, hapana. Kwa diski yenye afya ningekubaliana nawe. Kwa diski inayogonga, hiyo amri inailazimisha isome uso wote na kuandika juu ya mafaili ambayo bado hayajanakiliwa. Nimepokea diski za namna hiyo asubuhi zikiwa haziwaki tena. Nakala kwanza.

Mama_Two

Nakazia hapo. Na asije mtu akamwambia aiweke kwenye friza, naona ushauri huo unazunguka. Ikitoka kwenye baridi inashika unyevu ndani, na maji na sahani ni maadui. Dada usithubutu.

Mzee_wa_Voltmita

Fundi wa mtaani asihukumiwe haraka. Pawa saplai dhaifu nayo hufanya diski igonge, maana mota yake inakula volti 12 na zikishuka inakosa nguvu ya kuzunguka sawasawa. Kama BIOS ya mashine yako (ile skrini ya mipangilio kabla Windows haijawaka) inaonyesha volti, angalia hiyo ya 12. Kati ya 11.4 na 12.6 ni salama.

NyundoNdogo

Shikamoo mzee. Ni kweli, na kipimo hicho anaweza kukifanya diski ikiwa bado imechomolewa.

Stesheni_Kihonda

Wakuu nimerudi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimewasha bila diski. Kukoroma kupo palepale, na kwa lile bomba la karatasi nimekuta kunatoka kwenye feni ya nyuma. Ya prosesa iko kimya. Tak haikusikika hata mara moja kwa robo saa. BIOS inaonyesha 12.1.

Kisha kuna kosa nimefanya. Nilirudisha nyaya nikawasha Windows dakika tano, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, niliyokuwa nayo kwenye flashi. Imeandika Caution (tahadhari) kwa rangi ya njano. Mstari wa C5 una sifuri nyingi halafu A8. Nimezima tena. A8 ni nini?

Mama_Two

Hesabu hizo programu inaziandika kwa mfumo wa kumi na sita. Humo A ni 10, kwa hiyo A8 ni 10 mara 16, ongeza 8, yaani 168. Ni sekta 168 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazisubiria. Diski yenye afya inatakiwa iwe sifuri.

NyundoNdogo

Basi tumeshajua. Usiiwashe tena kwa Windows, maana Windows yenyewe inasoma na kuandika muda wote hata ukiwa umekaa tu. Tafuta vitu viwili: flashi yenye SystemRescue, ambayo ni Linux inayowaka moja kwa moja kwenye flashi, na diski ya nje yenye nafasi inayozidi GB 500. Washia kwenye flashi, andika lsblk uone kila diski imepewa herufi gani. Angalia kwa ukubwa ipi ni mbovu na ipi ni ya nje. Ukizigeuza utaandika juu ya ile unayotaka kuiokoa, kwa hiyo hakikisha mara mbili. Tuseme mbovu ni sda na ya nje ni sdb1:

mount /dev/sdb1 /mnt
ddrescue -n /dev/sda /mnt/nakala.img /mnt/ramani.log

Hiyo ddrescue ni ya kunakili diski: inabeba kwanza sehemu zinazosomeka vizuri na kuyaruka maeneo mabaya bila kuyang'ang'ania. Faili la ramani usilifute. Ndilo linalokumbuka ilipoishia, hata umeme ukikatika katikati unarudia amri ileile na inaendelea. Ikimaliza, ndipo unarudi kwa mabaya:

ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nakala.img /mnt/ramani.log

Mafaili utayatoa kwenye hiyo nakala. Diski yenyewe usiiguse tena.

Stesheni_Kihonda

Nimeazima diski ya TB 1 kwa mdogo wangu na ndiye aliyenisaidia kuandika. Tulianza saa mbili usiku. Nilikaa pembeni yake kama nauguza. Kwa saa kadhaa ilikuwa kimya kabisa, halafu karibu na mwisho ikaanza tak, tak, tukashikana mikono. Awamu ya kwanza imemaliza saa saba na nusu usiku.

Ripoti zote kumi na mbili zinafunguka, nimezipitia moja moja hadi ukurasa wa mwisho. Picha za mama ni 64, zimefunguka 63. Moja, aliyosimama mlangoni kwetu Kilosa, inaonekana hadi kiunoni tu, chini ni kijivu.

NyundoNdogo

Hongera sana dada. Hiyo kijivu ni sekta zilizorukwa. Awamu ya pili inaweza kuzipata, jaribu sasa, maana mengine yako salama.

Kijana_wa_Sabasaba

Dada samahani kwa ushauri wangu wa mwanzo. Hiyo feni ya nyuma usitupe. Bandua stika ya katikati, tia tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha stika. Mafuta ya kula hapana, yanaganda. Feni yangu imekwenda mwaka mzima hivyo.

Stesheni_Kihonda

Usijali kaka. Nimetia tone leo asubuhi, imewaka kimya mpaka mteja akaniuliza kama mashine nimeizima. Ile elfu arobaini na tano nimeielekeza kwenye SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka.

Awamu ya pili imechukua saa tatu, na kwa muda wote huo diski iligonga. Picha ya Kilosa imerudi. Uso, mikono, kapu aliloshika, vyote vipo. Kilichobaki kijivu ni ukanda mwembamba chini, pindo la kanga yake na kizingiti cha mlango. Nimeshaisafisha nakala mbili, moja iko ukutani hapa stesheni, nyingine nampelekea baba Jumamosi.