Naomba ushauri: kipimio cha mto kimesombwa na mafuriko, takwimu zangu niziunganishe vipi?

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, nafanya utafiti wa shahada ya uzamili juu ya mtiririko wa Mto Zigi, huu unaoshuka kutoka misitu ya Amani hadi bwawa la Mabayani, ambako jiji letu linapata maji.

Nilisimika ubao wa kupimia kina kando ya mto, na mzee mmoja wa kijijini akawa anausoma asubuhi na jioni bila kukosa (Mungu ambariki). Masika ilipokolea, maji yakauzoa. Siku kumi na moja sina kitu, na ndizo siku ambazo mto ulifurika.

Ubao mwingine nimeshaweka. Tatizo ni sakafu ya mto. Mchanga umehama, kwa hiyo kina kilekile cha mita moja leo hakipitishi tena maji yaleyale ya zamani. Mlinganyo wangu wa kubadili kina kuwa mita za ujazo kwa sekunde haufai tena, na vipimo vya kasi ya maji nilivyochukua baada ya mafuriko ni vitatu tu, vyote mto ukiwa chini.

Je, nitengeneze mlinganyo mpya kwa hivyo vitatu, au nisubiri vuli nipime maji yakiwa juu? Na zile siku kumi na moja, nikizikadiria kwa mvua ya Amani, nitakuwa nadanganya? Naogopa sana kubuni mafuriko ambayo sikuyapima.

Aliyewahi kupima mito ya milimani anisaidie, tafadhali.