Laana za Kumbukumbu la Torati 28: unabii, au lugha ya mikataba ya kale?

Mwanatorati: Msimamo wangu ni kwamba maafa ya Israeli ya kale hayaeleweki bila Walawi 26 na Kumbukumbu la Torati 28, sura zinazotaja baraka za kulishika agano na Mungu na laana za kulivunja. Katika sura hiyo ya 28 baraka zina mistari 14, laana 54. Zimo: mfalme kuchukuliwa pamoja na watu wake (28:36), taifa litokalo mbali lenye lugha wasiyoielewa (28:49), kuzingirwa hadi watu wale watoto wao (28:53). Samaria, mji mkuu wa Israeli ya kaskazini, ilianguka 722 KK, Yehoyakini mfalme wa Yuda akapelekwa Babeli 597, Yerusalemu, mji mkuu wa Yuda, ukateketezwa 586. Kula watoto kumeandikwa kuhusu miji yote miwili: 2 Wafalme 6 na Maombolezo 4:10. Hiyo ni sadfa?

Kigae: Mkuu, njaa ya 2 Wafalme 6 usiichanganye na 722. Pale aliyeuzingira mji wa Samaria ni Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, jirani wa mpakani, zaidi ya miaka mia moja kabla, na kesho yake mji ukaokoka (sura ya 7). Kichwa cha punda kilifika vipande 80 vya fedha kwa sababu lango lilifungwa, shamba liko nje na ghala limekwisha. Yerusalemu ulizingirwa tangu mwezi wa 10 wa mwaka wa 9 wa Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, hadi mwezi wa 4 wa mwaka wa 11: miezi 18. Mwandishi yeyote wa zama zile alijua mji uliofungiwa hivyo unaishia wapi.

Halafu kuna vibao vya maandishi vilivyofukuliwa Nimrud, mji wa kale wa Ashuru (Iraki ya leo), mwaka 1955. Vinaeleza kwamba mwaka 672 KK Esarhadoni, mfalme wa Ashuru, aliwaapisha watawala walio chini yake wamtii mwanawe Ashurbanipali. Katika laana za kiapo hicho ardhi inakuwa chuma na mbingu za shaba hazitoi mvua. Linganisha na 28:23. Ugonjwa wa ngozi, upofu, nyama ya maiti kuliwa na ndege, mke kulala na adui: vimo vyote karibu karibu, kama 28:26-30. Na Manase, mfalme wa Yuda, alikuwa chini ya Esarhadoni huyo huyo.

Mwanatorati: Hapo kwenye Ben-hadadi umenirekebisha, nakubali. Lakini kiapo cha Esarhadoni hakina utangulizi wa historia wala baraka. Kumbukumbu la Torati lina vyote viwili: sura 1-4 zinasimulia safari, ndipo yaje masharti. Umbo hilo ni la mikataba ya Wahiti, taifa la kale la Uturuki ya leo, karne ya 14 na 13 KK.

Kigae: Umbo linaweza kuwa la kale na maneno yakaongezwa baadaye. Hakuna kinachozuia.

Pembezoni: Nyote wawili mnabishana tarehe ya maandishi, wakati fundo liko kwenye hesabu ya nani aliadhibiwa. Manase, mbaya kuliko wote kwa mujibu wa 2 Wafalme 21, alitawala miaka 55. Yosia, mfalme mwema wa Yuda aliyerarua mavazi yake aliposomewa kitabu kilichopatikana hekaluni, aliuawa na Farao Neko huko Megido mwaka 609. 2 Wafalme 23:26 inasema hasira ilibaki kwa sababu ya Manase. Ezekieli 18 inakataa katakata mwana kubeba uovu wa baba. Na Zaburi 44:17 inamwambia Mungu waziwazi: yote haya yametupata, na agano lako hatukulivunja. Huyo mtunga zaburi ni Mwisraeli, tena anazijua laana.

Mwanatorati: Ila Mambo ya Nyakati inajibu. Manase alifungwa, akapelekwa Babeli, akatubu (2 Nyakati 33). Yosia hakusikiliza neno lililopitia kwa Neko (35:22).

Pembezoni: Ndiyo, na tazama kilichotokea hapo: mwandishi wa Nyakati aliona Wafalme inaacha deni, akalilipa. Wa Wafalme hakutaja toba ya Manase hata kwa neno moja.